Maji ya Nyarubira

Mwaka ule serikali ilipowatoa watu wa vilimani majumbani mwao na kuwakusanya makambini, wenye kukaa mjini Bujumbura waliona moshi tu. Jioni, ukiwa mitaa ya Buyenzi au Rohero, uliinua macho ukaona migongo ya vilima imefunikwa na ukungu wa kijivu, na watu wakaambiana kwamba ni mioto ya kupikia. Sababu ya kuwahamisha ilijulikana. Waasi walikuwa wakishuka kupiga mitaa ya juu, Gihosha na jirani zake, na jeshi likasema haliwezi kupigana na adui aliyejificha katikati ya wakulima. Basi wakulima wakaondolewa. Waliambiwa wabebe wanachoweza, wakapelekwa mahali pa wazi penye upepo mwingi na pasipo na maji.

Moza binti Zayd alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Buyenzi, mwanamke wa makamo, mjane asiye na mtoto. Babu yake alitoka Omani akapitia Ujiji, akafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini, na duka hilo sasa lilishikwa na Majid, mdogo wake Moza. Katika vita vile, ambamo mtu alipimwa Uhutu na Ututsi wake kabla hajaulizwa jina, Moza hakuwa huyu wala yule. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walimtazama uso, wakatazama mtandio wake, wakamsemesha Kiswahili na kumwachia njia. Ndiyo maana wazungu wa shirika moja la misaada walipoondoka, baada ya gari lao kupigwa risasi, daktari wa zahanati alimwita Moza akamuuliza kama angeweza kupanda mpaka kambi ya Nyarubira kila wiki. Hakumshurutisha. Moza alilala na lile swali, asubuhi akasema atakwenda.

Nyarubira ilikuwa safu za vibanda vya nyasi vilivyoezekwa kwa plastiki, vimebanana hata mtu akikohoa huku wa kule anaitikia pole. Moza alitandika mkeka wake chini ya turubai karibu na kituo cha jeshi, akapokea homa, vidonda, mimba zilizokaribia. Lakini wengi walikuja na tumbo. Watoto waliletwa wamekauka midomo, macho yameingia ndani, wanahara maji na wengine damu. Aliwapa mama zao pakiti za unga wa chumvi na sukari, akawaonyesha namna ya kuukoroga katika maji na kuwanywesha watoto kidogo kidogo.

Aliyemsaidia kuwapanga wagonjwa alikuwa Consolée, mwanamke wa kilima cha ng'ambo, mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliitii. Mumewe alikuwa ametoweka tangu siku ya kuhamishwa, na hakuna aliyemuuliza amekwenda wapi. Alikuwa na binti mdogo, Chanelle, aliyeanza kutamka maneno. Wiki moja Chanelle naye alianza kuhara. Moza alimpima, akampa mama yake pakiti za kutosha, akateremka mjini bila wasiwasi mkubwa, kwani alikuwa ameona watoto wenye hali mbaya zaidi ya yule wakipona.

Aliporudi, Consolée alikuwa akiwapanga wagonjwa kama kawaida, ila mgongo wake ulikuwa mtupu, bila kitambaa cha kubebea. Moza alielewa kabla hajaambiwa.

"Nilifanya vile ulisema, muganga," Consolée alisema. "Nilimunywesha yote. Apana kumwaga hata kidogo."

Moza alimwomba amwonyeshe maji aliyokorogea. Consolée akamwongoza chini ya kambi, mpaka kwenye dimbwi ambako mfereji ulitua. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Juu yake, ukifuata mteremko kwa macho, kulikuwa na vyoo vya kambi, na mvua ya alfajiri ilikuwa imeviosha. Wanawake wawili walikuwa wameinama wakichota kwa vikombe na kujaza madumu. Moza alisimama pale kwa muda mrefu. Kuchemsha alikuwa amewahimiza, lakini wachemshe kwa kuni zipi, na kutoka nje ya kambi kuzikata kumekatazwa? Vidonge vya kusafishia maji viliondoka na wazungu. Dawa yake, aliyoibeba kutoka mjini kwa heshima zote, ilikuwa ikiingia tumboni mwa watoto pamoja na kile kilichowaua.

Aliuliza kama hakuna maji mengine. Consolée akanyoosha kidevu kuelekea juu, kwenye msitu mdogo uliobaki kileleni. Chemchemi ilikuwa kule, alisema, maji meupe, watu wa Nyarubira wameyanywa tangu enzi za mababu. Lakini ng'ambo ya ule msitu ndiko walikokaa wapiganaji, na askari walimpiga risasi yeyote aliyeonekana akipanda.

Mjini Moza alimtafuta Léonce. Huyu alikuwa fundi wa maji, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, ambaye kabla ya vita alizunguka mikoa yote akijenga chemchemi na kushusha maji vijijini kwa mabomba. Alikuwa Mtutsi wa bara, na mwaka wa tisini na tatu, Watutsi wa vilimani walipouawa, yeye alikuwa safarini kikazi. Mkewe na watoto wake walikuwa nyumbani. Tangu hapo alipanga chumba kimoja Ngagara, mtaa wa Watutsi, na kutengeneza mabomba ya majumba ya matajiri huko Kiriri. Moza alimkuta huko, katika bustani ya nyumba ya mkubwa fulani, akibadilisha koki ya kumwagilia maua.

Alimweleza yote bila kuficha: kambi ni ya Wahutu watupu, chemchemi iko mbele ya bunduki za jeshi na nyuma yake kuna bunduki za waasi. Alikuwa tayari kukataliwa. Léonce aliendelea kukaza koki mpaka akamaliza, akapangusa mikono.

"Wakati wa kiangazi yanakauka?" aliuliza.

"Wanasema hayajakauka hata siku moja."

"Basi iko na jicho zuri la maji," Léonce akasema, na ndivyo Moza alivyojua kwamba amekubali.

Majid hakukubali upesi hivyo. Alimsikiliza dada yake nyuma ya duka, kati ya mabati na mifuko ya saruji, uso ukizidi kukunjamana. Alimkumbusha majirani waliochomewa nyumba kwa kosa la kumpa mtu hifadhi. Alimkumbusha baba yao, Mzee Zayd, aliyewausia watoto wake kumuuzia kila mtu msumari na kutomuuzia yeyote maneno.

"Dada, tumebaki hai hapa kwa sababu hatukuingia katika mambo yao," alisema.

"Mtoto amekufa kwa dawa niliyompa mimi, Majid. Hayo ni mambo yangu."

Majid aliinuka. Kisha akaenda stoo, akaanza kuvuta marobota ya bomba jeusi la plastiki, moja baada ya jingine, akiyapanga mlangoni kwa hasira, na hasira ile haikumzuia kuongeza saruji na koki mbili za shaba.

Kilichobaki kilikuwa kibali, na kibali kilikuwa cha pande mbili. Kituo cha jeshi cha Nyarubira kiliongozwa na Luteni Melchior, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimheshimu Moza kwa sababu alikuwa amemtibu askari wake malaria. Alipomsikia akitaja chemchemi alitikisa kichwa. Alisema wale wa juu wanakunywa pale, na kujenga pale ni kuwajengea wao.

"Wao wanakunywa tayari, Luteni," Moza alijibu. "Wasiokunywa ni hawa ulionao hapa chini."

Luteni aligeuka akatazama kambi. Siku hiyo walikuwa wamezika asubuhi, na udongo mwekundu ulionekana mpaka pale walipokuwa wamesimama. Kisha akasema kwamba Alhamisi, mpaka jua la utosi, askari wake hawatapiga mtu anayepanda na jembe. Hatatoa ulinzi. Likitokea la kutokea, yeye hajui kitu.

Kwa upande wa pili Moza hakujua aende kwa nani, na hakutaka kujua. Alichofanya ni kuzungumza kwa sauti mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri matibabu: kwamba Alhamisi yeye na fundi watapanda kujenga chemchemi, bila bunduki, na kwamba anaomba kila mwenye ndugu yeyote, popote alipo, amwombee afanye kazi salama. Wanawake walitazama chini. Siku mbili baadaye, Moza alipopanda tena, Consolée alimvuta pembeni akamwambia kwamba wale wa juu wamesema waje, lakini wanauliza fundi ni mutu wa wapi.

Moza alilibeba swali hilo mpaka Ngagara kama kaa la moto. Alimwambia Léonce kwamba angeweza kutafuta fundi mwingine, kwamba hakuna atakayemlaumu. Léonce alikuwa akila, ndizi na maharage. Alitafuna, akameza.

"Waambie ukweli," alisema. "Mi sitaki kujenga nikiwa nimejificha. Saruji haitakauka vizuri."

Huenda alikuwa anatania. Moza hakuwahi kujua.

Alhamisi, baada ya Consolée kuwafikishia wale wa juu ukweli huo, walipanda, Moza, Léonce, Consolée na wanawake kadhaa waliobeba mchanga na mawe vichwani. Walipita mstari ambao aliyeuvuka siku nyingine alipigwa risasi. Chemchemi ilikuwa bonde dogo la majani mabichi, maji yakitoka taratibu kwenye matope yaliyokanyagwa na ng'ombe wa zamani. Léonce alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akafumba macho kama anayesikiliza. Kisha akaanza kuchimba. Aliwafundisha wanawake namna ya kulifuata jicho la maji mpaka kwenye mwamba, namna ya kulizungushia mawe na kokoto, kulifunika kwa udongo wa mfinyanzi ili mvua na vinyesi visirudi ndani. Consolée alikuwa wa kwanza kushika kila alichokishika yeye. Bomba lilipohitaji kuungwa, Léonce aliwasha moto mdogo, akapasha mdomo wa bomba mpaka ukalegea, akausukumia ndani ya mwenzake, akaumwagia maji baridi. Alirudia mara nyingine ili waone.

Wapiganaji walitokea wakati saruji ikikorogwa. Walikuwa watatu, wamekonda, na mmoja aliegemea mabega ya wenzake akitetemeka. Mkubwa wao, mwenye ndevu chache, alimwomba Moza amtazame mgonjwa. Moza alimtazama, kwani alikuwa mgonjwa, akampa dawa ya kuhara damu na kumwambia asinywe tena maji ya matope. Muda huo mwenye ndevu alikuwa amesimama juu ya Léonce, bunduki mkononi.

Alimuuliza kwa Kirundi amezaliwa wapi. Léonce akataja kilima chake. Mtu yule alikijua, ilionekana usoni.

"Nani amebaki kwenu?" aliuliza.

"Mimi," Léonce akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi.

Mwiko wa saruji uliendelea kulamba jiwe. Consolée alimsogezea karai. Mwisho mpiganaji akasogea pembeni, akakaa chini akiwapa mgongo, akiangalia bonde mpaka wakamaliza. Moza hakuthubutu kuliita jambo lile msamaha. Pengine lilikuwa aibu, pengine uchovu. Alichojua ni kwamba mtu alikuwa ameweza kufanya jambo jingine na hakulifanya.

Maji yalifika kambini baada ya saruji kukauka na mtaro wa bomba kuchimbwa. Mwanzoni koki ilikohoa hewa na matope. Kisha yakaja meupe. Moza alidhani watu watapiga vigelegele, lakini walisimama tu, madumu mikononi, kama waliopelekewa kitu kisicho chao. Bibi kizee mmoja alijitokeza, akakinga viganja, akamwosha uso mjukuu wake polepole, nyuma ya masikio na shingoni. Ndipo foleni ikaanza.

Tangu hapo kazi ya Moza ilibadilika. Matumbo yalipungua, kisha yakawa machache kiasi cha kuyakumbuka kwa majina. Alianza kupata nafasi ya kuchanja watoto na kuwafundisha wanawake wawili kuzalisha kwa usafi. Léonce alipanda naye mara kwa mara kukagua bomba. Watu wa kambi walikuwa wamekoma kumtazama kama mgeni. Walimwekea kigoda, na watoto walimfuata nyuma. Moza alimwona akicheka siku moja, na kicheko chenyewe kilitoka kwa kukwama, kama koki ile siku ya kwanza.

Mwezi wa mvua kubwa mapigano yalirudi. Mizinga ilisikika mjini kutwa nzima, na ilipotulia, habari ikashuka kwamba bomba limekatika na watu wamerudi dimbwini. Moza alikuwa kitandani, malaria imemlaza hawezi kusimama. Alimtumia Léonce ujumbe amsubiri apone, kwa maana aliamini, na hakukosea sana, kwamba mtandio wake ndio uliokuwa ukimvusha yule fundi kwenye vizuizi. Léonce hakusubiri. Alimjibu kwamba mtoto hanywi dimbwi wiki nzima akapona.

Alipita vizuizi salama. Alipanda na Consolée, akapata mahali palipokatika, akapiga magoti. Mlio wa risasi ulikuwa mmoja. Consolée alisimulia baadaye kwamba hakujua umetoka juu au chini, mwangwi wa vilima uliumeza. Wanawake walimlaza Léonce kwenye machela ya mianzi wanayobebea wagonjwa wao, wakateremka naye mbiombio, wakipokezana mabega. Alikata roho kabla hawajafika kwenye turubai la Moza, ambako siku hiyo hakukuwa na mtu.

Luteni Melchior ndiye aliyeleta maiti mjini kwa gari la jeshi. Alisimama mlangoni kwa Moza, kofia mkononi. Alisema amewahoji watu wake mmoja mmoja na wote wamekana, na kwamba yeye mwenyewe hajui kama anawaamini. Moza, aliyekuwa bado anatetemeka kwa homa, alimwomba kitu kimoja: wanawake waliombeba waruhusiwe kushuka mazishini. Luteni alisema haiwezekani, kisha akaondoka. Kesho yake aliwaleta, Consolée na wenzake wawili, katika gari lile lile.

Makaburini walikuwapo majirani wa Ngagara, watu waliokuwa na makaburi yao wenyewe ya kukumbuka. Waliwaona wanawake wa kilimani, miguu peku, vitenge vilivyochanika, na minong'ono ikapita. Kijana mmoja aliuliza kwa sauti hawa wametoka wapi na wanataka nini hapa. Moza alitaka kujibu, lakini Consolée alikuwa ameshasogea mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Alituletea mayi," alisema. "Tumekuja kumuzika."

Alichota udongo kwa mikono miwili akautupia ndani, wenzake wakafuata. Yule kijana alitazama kando. Mama mmoja wa Ngagara, mwenye nyumba aliyempangisha Léonce, alitoka katika kundi lake akaja kusimama karibu na wale wanawake. Moza aliyekuwa nyuma, mtandio umemfunika mdomo, alimwombea marehemu kwa maneno ya dini yake, kwa kuwa hakuyajua ya dini nyingine.

Majid alidhani sasa yamekwisha. Moza mwenyewe alidhani hivyo kwa siku kadhaa. Alilala akitazama dari, akijiuliza kama angemwacha yule mtu kwenye bustani yake ya Kiriri angekuwa hai, na jibu lilikuwa ndiyo kila mara. Halafu akamwaza yule mjukuu aliyeoshwa uso kwenye koki. Hakupata mizani ya kupima hayo mawili pamoja. Alipopona alifunga mkoba wake akapanda, kwa sababu ilikuwa siku ya kupanda.

Alikuta wanawake wakisubiri juu ya kambi na moto mdogo umekwisha kuwashwa. Safari hii Luteni alikuwa ametuma askari wakae pembeni bila kulenga mtu. Consolée alipasha mdomo wa bomba, akaugeuza taratibu juu ya ndimi za moto, akamwambia Moza ashike upande wa pili kwa nguvu. Alisukuma. Walimwaga maji kwenye kiungo, kikashika. Chini kambini mtu alipiga kelele mara moja kwamba maji yanakuja.

Mwaka uliofuata makambi yalivunjwa, baada ya maneno mengi ya nchi za nje, na watu wa Nyarubira wakatawanyika kwenda vilimani kwao, kila mmoja na plastiki yake begani. Vita havikuwa vimekwisha. Vilikuwa vimesogea tu. Consolée alikuta nyumba yake haina paa wala mlango, na mumewe hakurudi. Alilima. Mavuno ya kwanza yalipotoka alishuka mjini na kapu la maharage kichwani, akaliweka kwenye kaunta ya Majid, ambako Moza alikuwa amepita kumsalimu ndugu yake.

Alisema kwamba kwenye kilima chake nako kuna chemchemi, na watoto wanahara. Yeye na wenzake wamekwisha kuchimba mpaka kwenye mwamba. Wamekosa bomba.

Majid aliuliza bomba la urefu gani.

"Sijapima, baba," Consolée alijibu. "Kuja uone mwenyewe."

Majid, ambaye maisha yake yote alikuwa ameviona vilima vile akiwa mlangoni mwa duka, alimtazama dada yake. Moza alikuwa ameinama juu ya kapu akichambua maharage, akitoa yaliyotobolewa na wadudu. Basi Majid akauliza kama njia ina matope, na viatu gani vinafaa.